Kitabu Kinachoghaniwa

Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, hukijua kitabu kwa masikio kabla ya macho. Katika chuo cha Kurani, wana huketi mkekani, juzuu zikiwa juu ya marufaa, na herufi husomwa kwa pamoja: alifu, be, te, kisha kila herufi na irabu zake. Mdogo ambaye bado hajui nukta iko juu au chini, mahadhi keshayashika. Huitikia nyuma ya wakubwa zake, na siku jicho linapoifikia ile herufi, sauti yake iko tayari kinywani.

Ufundi wa kughani hudhihirika zaidi katika utendi. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Ni kitabu cha mama kwa mwanawe, na hakikutungwa kisomwe kimya. Kila ubeti una vipande 4, kila kipande mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo hushirikiana kina. Cha nne hujitenga na kushika kina cha bahari, kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi tamati.

Mghani hodari havisomi vipande hivyo kwa mwendo mmoja. Vitatu huviandamanisha, akifika cha nne hupunguza kasi na kuivuta silabi ya mwisho. Mtazame hapo mtoto aliye mapajani mwake. Maana bado hajaipata, na maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yamempita kimo, lakini baada ya beti chache anajua kina gani kinakuja. Mghani mwenye subira humwachia nafasi: hunyamaza kidogo tu, mwana akamalizia, wakaendelea. Hakuna picha ya rangi niijuayo inayomshirikisha mtoto kitabuni kiasi hicho.

Tena mahadhi ni ulinzi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya mashairi yake kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akisaidiana na mmishonari W. E. Taylor; diwani yenyewe ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Yalidumu vipi vinywani muda wote huo? Mshororo una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na kila upande una kina chake. Neno likisahaulika, mizani hupungua na sikio hushtuka. Likibadilishwa ovyo, kina hukataa. Aliyezoeshwa mahadhi tangu utotoni huuhisi upungufu huo hata kabla hajaweza kuueleza.

Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kuishi Mombasa miaka mingi, aliitumia nguvu hiyo kwa makusudi. Katika *Sambo ya Kiwandeo*, iliyochapishwa mwaka 1979, alilieleza jahazi la Lamu kwa utenzi, ili majina ya sehemu zake yasizikwe pamoja na mafundi. Huko Jamaika nako, Louise Bennett, aliyejulikana kama Miss Lou, aliwakusanya watoto katika kipindi cha televisheni cha *Ring Ding* kuanzia mwaka 1970, wakaimba na kusimulia kwa lugha ya nyumbani kwao. Bahari tofauti, lakini wote wawili walijua mtoto hubeba asichokijua bado iwapo kina mdundo.

Ndiyo maana hunisikitisha kukuta kitabu cha watoto cha Kiswahili chenye michoro mizuri na karatasi nzito, kumbe sentensi zake hazina mizani wala kina, na mzazi akijaribu kuzighani anakwama ukurasa wa pili. Wachapishaji wamwite mghani kabla ya mchoraji. Ausome mswada kwa sauti, na kila anapokwama, mstari huo utungwe upya.