Maiti Mmoja, Mapokezi Mawili

Tarehe 19 Juni 2011, tamthilia ya The Killing ilifunga msimu wake wa kwanza kwenye stesheni ya AMC ya Marekani, na hasira za watazamaji hazikungoja asubuhi. Tangu tarehe 3 Aprili walikuwa wakiulizwa swali moja, lililobandikwa kwenye mabango na kurudiwa katika kila tangazo: nani alimuua Rosie Larsen? Walikuwa wamemtazama mpelelezi Sarah Linden akikanyaga matope ya Seattle chini ya mvua isiyokatika, siku moja ya uchunguzi kwa kila kipindi. Kipindi cha 13 kikaisha, na jibu halikutolewa. Wahakiki waliokuwa wameimwagia sifa mwezi Aprili waliigeuka, na baadhi yao waliapa kutoitazama tena.

Hadithi yenyewe haikuzaliwa Marekani. Mtunzi wa toleo la Marekani, Veena Sud, aliichukua kutoka Denmark, katika tamthilia ya Forbrydelsen iliyotungwa na Søren Sveistrup na kurushwa na shirika la utangazaji la DR mwaka 2007. Na huko Denmark watazamaji waliwekwa roho juu kuliko Wamarekani. Vipindi vilikuwa 20. Kumi vya kwanza vilirushwa kuanzia Januari, kisha tamthilia ikasimama, na kumi vilivyobaki vikaja majira ya vuli. Kwa miezi kadhaa nchi nzima ilikaa na maiti ya Nanna Birk Larsen bila kujua nani amemuua. Vuli ilipofika, walirudi kwa wingi.

Hadithi ni ileile, msichana aliyekufa ni yuleyule chini ya majina mawili, gari lililoopolewa majini na mwili ndani yake ni lilelile la kampeni ya mwanasiasa. Kwa nini basi kusubiri kulimpendeza mmoja na kumchoma mwingine? (Nitataja wauaji. Asiyetaka kuharibiwa uhondo na aishie hapa.)

Jibu jepesi lilisikika sana wakati ule: Wamarekani hawana subira. Sikubaliani nalo. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2011, BBC Four ya Uingereza ilikuwa ikionyesha Forbrydelsen kwa Kidenishi, maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, vipindi viwili kila Jumamosi usiku. Waingereza waliopokea tamthilia ya lugha wasiyoijua, ndefu, ya polepole, waliishia kutafuta madukani sweta la sufu la Visiwa vya Faroe alilolivaa Sofie Gråbøl akiigiza mpelelezi Sarah Lund. Anayetaka kuvaa nguo ya mpelelezi hana haraka ya kuachana naye. Na hao Wamarekani wenyewe walikuwa wamevumilia mambo mengine ya polepole kwenye stesheni hiyohiyo ya AMC. Mad Men haikuwa mbio za farasi.

Tofauti iko kwenye ushonaji. Tuanze na kilichoshonwa vizuri pande zote mbili. Sveistrup aliigawa hadithi katika nyuzi tatu: polisi, wazazi wa marehemu, na ofisi za siasa za mji. Kila mshukiwa anapotajwa kwa polisi, uzi wa wazazi unavutika na uzi wa siasa unavutika. Sud aliubeba mpango huu wote, na kipindi chake cha kwanza ni kazi safi. Baba yuko kwenye simu na mkewe, akisukumana na askari kuelekea gari linapotolewa majini. Mama, aliyebaki nyumbani, anaelewa kila kitu kwa kusikia sauti ya mumewe. Hakuna anayetamka kwamba mtoto amekufa. Onyesho hilo lilitoka Copenhagen likahamia Seattle bila kupungukiwa kitu, na ndiyo maana watu milioni 2.7 hivi walioitazama usiku wa kwanza waliamini wako mikononi mwa fundi.

Mshukiwa wa uongo naye anaweza kuwa kazi nzuri. Katika toleo la Marekani mwalimu Bennet Ahmed hakuua mtu. Lakini fununu inamfikia baba, Stan Larsen, naye anampiga Bennet hadi analazwa hospitali akiwa hajitambui. Polisi wanapogundua kwamba mwalimu ni msafi, mtazamaji hajisikii kuwa amepotezewa muda. Amepewa tukio lisiloweza kufutwa: baba mwenye msiba amegeuka mhalifu, na familia ambayo tayari imempoteza binti sasa inaweza kumpoteza na baba. Dhana ilikuwa ya uongo, matokeo yake yakabaki ya kweli. Laiti washukiwa wote wa Seattle wangetumiwa hivyo. Wengi waliingia, wakatiliwa shaka kwa kipindi kimoja na nusu, wakatoka, na nyumba ya Larsen haikutikisika. Kufikia katikati ya msimu mtazamaji alishaujua mdundo: dakika za mwisho zitamwangukia mtu mpya, dakika za mwanzo wiki ijayo zitamsafisha. Taharuki inayotabirika kwa saa haimtishi tena mtu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana hapa ndipo ufundi ulipoharibika. Katika kipindi cha 13 mgombea umeya, Darren Richmond, anakamatwa. Ushahidi mkuu ni picha ya kamera ya kituo cha ushuru wa daraja, inayomwonyesha akiendesha gari lile usiku wa mauaji. Linden anapanda ndege aondoke mjini na mwanawe. Simu inaita: kamera za daraja lile hazikuwa zikifanya kazi. Picha ni ya kughushi, na aliyeileta ni mwenzake, Holder, ambaye dakika hiyohiyo anaingia kwenye gari la mtu asiyeonekana na kumwambia kwamba picha imefanya kazi yake. Huko nje, Belko, rafiki wa familia ya Larsen, ananyanyua bastola kumwelekezea Richmond. Giza.

Tazama picha ile inafanya nini kwa mtazamaji. Kwa wiki nyingi amekuwa na daftari kichwani: nani alikuwa wapi, nani alidanganya, nani ana ufunguo wa gari. Picha ya daraja ni mstari wa mwisho wa daftari lile, anauongeza na hesabu inakubali. Kisha anaambiwa mstari haukuwepo. Hakukosea kuusoma, alipewa karatasi bandia na mpelelezi ambaye wiki baada ya wiki alijifunza kumpenda. Joel Kinnaman alikuwa amemjenga Holder kuwa mtu pekee mwenye uhai katika mvua ile, na mengi ya tuliyoyajua yalipita mikononi mwake. Akiwa mwongo, je, mengine aliyoyaleta? Mtazamaji hakunyimwa jibu tu. Amenyang'anywa na maswali aliyokwisha kuyajibu.

Linganisha na kidokezo mashuhuri cha Forbrydelsen. Mpelelezi Jan Meyer, mwenzake Lund, anapigwa risasi ghalani. Kabla ya kufa anajitahidi kutamka kitu: Sara, na namba 84. Kila mtu anadhani anamwita mwenzake, kwa kuwa Lund ni Sarah. Polisi hata wanamtazama Lund mwenyewe kwa jicho la shaka. Baadaye inajulikana kwamba Meyer alikuwa akisoma. SARA 84 yalikuwa maandishi kwenye nguo ya aliyempiga risasi, na mwenye nguo hiyo ni Vagn Skærbæk, mfanyakazi na rafiki wa familia, aliyekuwa akiingia na kutoka katika jiko la wazazi wa Nanna tangu kipindi cha kwanza.

Hapo hakuna kilichofutwa. Maneno yalitamkwa kweli, mtazamaji aliyasikia kweli, na alichokosa ni kuyaelewa tu. Hii kwangu ndiyo sheria pekee ya hadithi ya upelelezi inayostahili kuitwa sheria: kidokezo kinaruhusiwa kugeuka maana, hakiruhusiwi kubatilishwa. Sveistrup aligeuza maana. Sud alibatilisha, tena katika dakika ambayo watazamaji walikuwa wanasubiri kulipwa.

Sud alijitetea kwamba hakuna mahali alipoahidi kumtaja muuaji mwisho wa msimu wa kwanza. Kwa kalamu yake, kweli hakuahidi. Ila tamthilia ya televisheni haisemi kwa kalamu ya mtunzi peke yake. Msomaji wa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, anapomfuata mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anaziona kurasa zilizobaki zikipungua vidoleni mwake. Anajua lini fumbo lazima lifumbuliwe. Mtazamaji hana kurasa. Kinachomwambia hadithi ina urefu gani ni matangazo, na matangazo ya AMC yalikuwa na swali moja tu. Stesheni ilikuja kutambua hilo. Kabla ya msimu wa pili ilitangaza wazi kwamba muuaji atajulikana mwisho wa msimu huo. Ilikuwa imechelewa. Msimu wa pili ulifunguliwa Aprili 2012 mbele ya watu milioni 1.8 hivi.

Wapo watakaosema basi dawa ni kutoa jibu mapema. Twin Peaks ya David Lynch na Mark Frost inawajibu. Ilipoanza kwenye ABC tarehe 8 Aprili 1990, kipindi cha kwanza kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 34, na Marekani nzima ikawa inauliza nani alimuua Laura Palmer. Watunzi hawakuwa na haraka kabisa ya kulijibu swali lile. Stesheni ilisukuma, na tarehe 10 Novemba mwaka huohuo muuaji akaonyeshwa: Leland, baba mzazi, aliyepagawa na pepo aitwaye BOB. Siri ililindwa kiasi kwamba onyesho la mauaji yaliyomfichua lilirekodiwa pia kwa mwigizaji wa mshukiwa mwingine katika nafasi ya muuaji, ili hata watu wa studio wasiwe na hakika. Kipindi kile kinatisha hadi leo. Kisha tamthilia ikabaki na mji uliojaa watu wasiokuwa na kesi, na Juni 1991 ikaisha. Kila tawi la hadithi lilikuwa limening'inizwa kwenye swali lile moja. Swali lilipokatwa, matawi yalidondoka.

Chris Chibnall, alipoandika Broadchurch kwa ajili ya ITV mwaka 2013, nadhani alikuwa amewasoma wote hawa. Vipindi vinane, mwisho unaojulikana, waigizaji wengi wakipiga picha bila kujua nani alimuua mtoto Danny Latimer. Ujanja wake mkubwa uko kwenye mpangilio wa saa ya mwisho. Joe Miller, mume wa mpelelezi Ellie Miller, anajulikana mapema katika kipindi cha nane, na muda mwingi unaobaki unatumika kumwangalia Olivia Colman akiigiza mke anayeambiwa. Swali la nani linafungwa, linafunguliwa lile la hakuona vipi, ambalo mama wa marehemu anamtupia usoni. Watazamaji wengi walikuwa wameshamkisia Joe, na haikuwaharibia kitu.

Uchungu ni kwamba The Killing nayo ilikuwa na jibu zuri. Lilitolewa Juni 2012, kipindi cha 26. Rosie alipigwa na Jamie Wright, msaidizi wa Richmond. Aliyelisukuma gari ziwani, msichana akiwa hai ndani ya buti, ni Terry, mama yake mdogo. Hakujua ni nani aliyemo. Alimsikia mtu akipiga mayowe mle ndani, akaliachia gari litumbukie. Jibu hili linaiingiza kesi moja kwa moja kwenye jiko la akina Larsen, kama Vagn alivyoiingiza kwa akina Birk Larsen, na kwa maoni yangu linamzidi Vagn kwa ukatili. Waliobaki kulitazama walikuwa wachache, na mwezi uliofuata AMC ikaifuta tamthilia.

Ilifufuliwa. Msimu wa tatu, mwaka 2013, ulianzisha kesi mpya na kumtaja muuaji ndani ya vipindi vyake 12. Ulikuwa bora kati ya misimu mitatu ya AMC, na tamthilia ikafutwa tena. Vipindi sita vya mwisho vilihamia Netflix, vikaachiwa vyote siku moja, tarehe 1 Agosti 2014. Aliyetaka kumjua muuaji alikesha usiku mmoja akamjua, bila wiki katikati ya kukisia na jirani, na hakuna aliyepata muda wa kukasirika.