Hesabu ya Vifo vya Kongo: Waliokufa au Waliouawa?

Utafiti wa International Rescue Committee uliotolewa Januari 2008 ulikadiria vifo vya ziada 5,400,000 nchini Kongo tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Tarakimu hiyo hurudiwa mno kwa neno “waliouawa”, ilhali watafiti wenyewe walieleza kwamba walio wengi walikufa kwa homa, kuhara, nimonia na utapiamlo. Kwa neno hilo, zahanati iliyoporwa na shamba lililoachwa hutoweka katika maelezo. Kasoro ya utafiti wenyewe ni nyingine: vifo vya kawaida vilipimwa kwa wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, 1.5 kwa watu 1,000 kila mwezi, kana kwamba hospitali za Kongo ya Mobutu zilikuwa za wastani! Wachambuzi wa Vancouver waliikosoa hesabu hiyo mwaka 2010, tena kwa haki.