Picha la Mama na Mwana: Jinsi ya Kulipima

Anayetaka kulipima picha la Kihindi la mama na mwanawe asianze na machozi. Machozi hayana gharama: vinanda vikipanda, mvua ikanyesha, kamera ikamsogelea mama usoni, banda zima linavuta kamasi hata kama hadithi yenyewe haina mashiko. Swali la kuanza nalo ni hili: mama analipa nini? Kila picha la aina hii linamweka mtoto hatarini na mama mbele yake, kwa hiyo hapo fundi na mbabaishaji wako sawa. Wanaachana pale kumlinda mtoto kunapomtoa mama kitu asichoweza kukipata tena, na mtengenezaji akathubutu kutomrudishia kwa hila picha linapokaribia kwisha.

Kwa kipimo hicho, Mother India ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, bado haijapata wa kuishusha. Radha, anayechezwa na Nargis, anaingia kwenye ndoa na kukuta deni la rupia 500 ambazo mama mkwe alikopa kwa mkopeshaji Sukhilala kugharamia harusi, na riba yake inakula robo tatu ya mavuno. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaona aibu ya kulishwa, anatoroka. Mafuriko yanakuja, mtoto mchanga anakufa, na Sukhilala yuko tayari kutoa chakula mradi mama ajitoe mwili. Radha anakataa, anavuta jembe begani mwenyewe. Sasa mtazamaji azifuate bangili zake. Ziko rehani kwa Sukhilala, na Birju, mwana mtukutu anayechezwa na Sunil Dutt, anakua nazo kichwani. Hakuna haja ya hotuba kueleza kwa nini kijana huyu anaishia ujambazini, bangili zimeshasema. Anamuua Sukhilala, anamteka binti yake siku ya harusi, na Radha, ambaye heshima ya kila msichana wa kijiji ameibeba kama yake, anampiga risasi. Birju anakufa akimnyooshea mama yake bangili zilezile, zina damu. Tulizoea kuwa steringi hafi. Hapa anakufa, na anayemuua ni yule aliyeshinda na njaa ili yeye ale.

Aradhana ya Shakti Samanta (1969) ni laini zaidi lakini hesabu yake ni safi. Vandana anamzaa mtoto wa ndoa ya siri, anaishia kuwa yaya wa mwanawe katika nyumba ya watu wengine, na mtoto anapomuua mwanamume aliyemvamia mama yake, Vandana anasema amefanya yeye. Mwisho mwana anamtambua, ni kweli, ila miaka ya gerezani hairudi. Linganisha na Mom ya mwaka 2017. Sridevi ni Devaki, mwalimu wa biolojia ambaye binti wa mumewe anamwita Madamu kama wanafunzi wengine. Binti anabakwa, mahakama inawaachia wabakaji, na mwalimu anaanza kulipiza. Ufundi upo: sumu anayoitumia ni mbegu za tufaha zilizosagwa, maarifa ya darasani kabisa, tofauti na wale mama wa sinema wanaojua kupiga bunduki ghafla bila kufundishwa. Lakini kwenye kilele afisa wa polisi mwenyewe anampa bastola, binti anamwita mama, risasi inatoka. Gharama yote imefutwa na serikali. Nampa Sridevi heko, picha lenyewe silipi zaidi ya nusu.

Atatokea wa kusema kipimo hiki ni cha wasomi, kwamba Karan Arjun (1995) kingeiangusha na bado watu wanaipenda. Wanaipenda kwa Shah Rukh Khan, Salman Khan na kisasi chao. Hata hivyo Durga, mama anayeshikilia kwamba wanawe waliouawa watarudi, analipa kitu: kijiji kinamwona mwendawazimu miaka yote hiyo. Hapo picha lina uzito. Likishawarudisha wana, mama anabaki wa kupiga kelele pembeni. Wapo pia wanaodai kwamba sisi tunaosikiliza mtafsiri hatuwezi kuhukumu, kwa kuwa maneno tunayoyasikia si ya mwandishi. Ni hoja nzuri, na ndiyo sababu nyingine ya kupima gharama kuliko maneno. Mtafsiri Lufufu, yaani Derek Mukandala, angeweza kumtia mhusika yeyote Kiswahili cha vijiweni. Bangili za Radha asingeweza kuziondoa rehani.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba mama wa kweli hampigi mwanawe risasi, kwa hiyo Mother India ni dhana ya kigeni. Mtu wa Mpale mkoani Tanga, au popote kati ya Handeni na Korogwe, ana hadithi ya kulijibu. Katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, Mbega wa Ngulu alikuwa kigego: meno ya juu yalitangulia, ishara ya mkosi. Wazazi hawakumtupa. Walipokufa, ndugu walimnyima urithi, naye akaondoka hadi akawa mtawala Usambara. Msimulizi angeweza kutuambia kwamba mapenzi ya wazazi yaliondoa mkosi. Hakufanya hivyo, aliliacha deni limfuate mtoto. Simulizi ya kwetu, basi, haiogopi kuonyesha kwamba ulinzi una gharama, na wakati mwingine analipa aliyelindwa.

Ndiyo maana Mrs. Chatterjee vs Norway (2023), iliyotokana na kisa cha kweli cha mama wa Kihindi aliyenyang'anywa watoto nchini Norwei, inanikera na kunivutia pamoja. Maofisa wa ustawi wamechorwa kama majambazi wa katuni, na hatari ya katuni haimlipishi mtu chochote. Lakini yupo mume, anayeutaka uraia na kuona mkewe anamharibia. Kila mara Rani Mukerji anapomgeukia huyo badala ya maofisa, picha linasimama sawasawa.