Taashira ya Kifo katika Kisasili cha Mwanamke Mzee: Usomaji kutoka Ngara na Biharamulo

Uhakiki wa dhamira ya kifo katika fasihi ya Kiswahili umeelemea zaidi upande wa riwaya, hasa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, ambamo mhusika mkuu Kazimoto anajiua. Visasili vya asili ya kifo vimeachiwa wanaanthropolojia, kana kwamba ufupi wake unavinyima hadhi ya kuhakikiwa kama kazi za sanaa. Sehemu hii inahakiki kisasili kimoja kinachojulikana Rwanda na Burundi, na inakisoma kutoka upande wa pili wa mpaka, katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Uteuzi wa eneo hilo una sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu: Guthrie aliviweka Kihangaza na Kisubi katika kundi la D60 pamoja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, hivyo simulizi inayovuka mpaka huo haihamii katika lugha ya kigeni. Ya pili ni ya kihistoria, nayo itajitokeza katika mjadala.

Kwa muhtasari, toleo la Rwanda linaeleza kwamba Imana, yaani Mungu, alikuwa akimwinda Kifo, mnyama mkali. Aliwaamuru watu wote wabaki majumbani ili mwindwa asipate pa kujificha. Mwanamke mmoja mzee akatoka kwenda kulima shambani kwake. Kifo akamkimbilia, akaomba hifadhi, akajificha chini ya vazi lake. Imana akatamka kwamba, kwa kuwa Kifo amepokewa, basi atabaki na binadamu. Katika toleo la Burundi, Mungu anawinda kwa mbwa. Mwanamke anafungua kinywa na Kifo anaingia tumboni mwake, na anapoulizwa, anakana.

Usomaji wa haraka huishia kwenye uasi: agizo lilitolewa, mwanamke akalivunja, wote wakaadhibiwa. Usomaji huo unapuuza jembe. Mwanamke huyu hatoki kwa udadisi wala kwa kiburi. Anatoka kwa sababu shamba halilimwi kutoka ndani ya nyumba. Kisasili cha Kintu cha Buganda kinatoa ushahidi wa karibu, kwani humo Nambi anarudi kuchukua ulezi wa kuku wake, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye Kifo, anapata nafasi ya kumfuata duniani. Katika masimulizi yote mawili mwanamke analaumiwa akiwa katika kazi ya kutafuta chakula. Mtoa amri hana njaa. Mhakiki anayerudia lawama hiyo bila kuihoji anakuwa upande wa mwindaji kabla hajaichambua simulizi yenyewe.

Mahali pa maficho pana uzito zaidi. Chini ya vazi na ndani ya tumbo ni mahali ambapo mtoto hubebwa na kuzaliwa. Kwa hiyo taashira haimwoneshi Kifo kama mvamizi anayebisha hodi kutoka nje. Inamweka palepale uhai unapotokea. Jambo hili linakitofautisha kisasili hiki na vile ambavyo Hans Abrahamsson aliviorodhesha mwaka 1951 katika kazi yake kuhusu asili ya kifo barani Afrika, vinavyohusu ujumbe ulioharibika, kama vile kinyonga anayechelewa njiani. Katika kundi hilo kifo kinatokana na uzembe. Hapa kinatokana na huruma, na simulizi haisemi popote kwamba huruma hiyo ilikuwa dhambi. Inaeleza gharama yake tu.

Kiswahili kinaongeza tatizo ambalo msimulizi hawezi kulikwepa. Kirundi na Kinyarwanda hutumia neno urupfu, nomino isiyo ya ngeli ya watu. Vivyo hivyo, nomino kifo iko katika ngeli ya KI-VI. Je, iandikwe "Kifo kilijificha" au "Kifo alijificha"? Upatanisho wa kwanza unahifadhi kitu, yaani janga. Wa pili unazaa kiumbe mwenye hofu, anayehema, anayeomba. Muhtasari uliotolewa hapo juu umechagua wa pili, kwa kuwa bila huo ombi la hifadhi halina mwombaji.

Hapo ndipo historia ya Ngara inapouingia usomaji huu. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupokelewa wilayani Ngara, ambako kambi ya Benaco ilianzishwa. Wengi walikuwa wakulima na watoto. Miongoni mwao walikuwamo pia walioongoza mauaji ya kimbari; Jean-Baptiste Gatete, kiongozi wa zamani wa wilaya ya Murambi, alikuwa Benaco mwaka huo, na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ikamtia hatiani mwaka 2011. Mpaka ulifungwa Machi 1995, na Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakaamriwa kurejea kwao.

Ni rahisi mno kukifanya kisasili kuwa hukumu juu ya matukio hayo: aliyempokea mgeni alimpokea Kifo. Tafsiri hiyo ni ya hatari, tena haina ushahidi ndani ya matini. Kifo katika simulizi yuko peke yake chini ya vazi. Kambini muuaji alijificha ndani ya umati wa watu waliokuwa wakikimbia kwa haki, na vazi lililomsitiri lilikuwa watu hao. Kumwinda kwa mbwa kungewararua wao kwanza. Methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inadhani kwamba mwenyeji anamfahamu mgeni wake kwa kumtazama akilima. Mwanamke mzee hakupewa hata hizo siku mbili. Alipewa muda wa mwindwa kuvuka shamba, huku mbwa, kwa toleo la Burundi, wakisikika nyuma.

Kuhusu kile alichokiona alipoliinua vazi, matoleo yote mawili yamekaa kimya. Toleo la Burundi linasema tu kwamba alipoulizwa, alijibu kuwa hakumwona mtu.