Colin Baker na Ufundi wa Sauti Isiyoonekana

Wako waigizaji waliopata sifa katika televisheni ya Uingereza, kisha wakaiendea michezo ya sauti kwa dhana kwamba kazi ni ile ile, isipokuwa imeondolewa sura. Lakini mwenye kumsikiliza kwa makini Colin Baker, mzaliwa wa London wa mwaka 1943, atakiri kwamba kipaza sauti kina kanuni zake, na kwamba kanuni hizo ndizo zilizomrudishia heshima aliyonyimwa na kamera.

Jina alilipata katika The Brothers, tamthilia ya miaka ya 1970, alimoigiza mtu wa benki asiye na huruma. Na mwaka 1984 BBC ikamkabidhi nafasi ya Daktari wa sita katika Doctor Who, yule msafiri wa zama ambaye kila afikwapo na mauti huzuka upya kwa umbo na tabia nyingine. Azma ilikuwa Daktari huyu aanze kwa ukali na majivuno, kisha moyo wake ufunuke taratibu, mwaka baada ya mwaka. Lakini katika kisa chake cha kwanza, The Twin Dilemma, alimkaba koo Peri, mwenziwe wa safari. Aidha alivikwa koti la rangi zinazogombana, na akazoezwa kulikariri neno moja mara tatu, kila mara kwa kelele iliyozidi. Jicho likahukumu kabla sikio halijapata wasaa. Mwaka 1985 mchezo ulisimamishwa kwa muda wa miezi 18, ukarejea 1986, na msimu huo ulipokwisha BBC ikamwondoa, ilhali azma yenyewe haijatimia.

Mwaka 1999 kampuni ya Big Finish ilipoanza kutoa visa vipya vya Daktari kwa sauti tupu, Baker aliitwa, na hapa ndipo ulipo ufundi. Mwigizaji wa sauti husoma andiko mkononi, kipaza sauti kikiwa karibu na kinywa chake, hata pumzi yake huwa ni sehemu ya maneno. Baker hakuyatupa majivuno ya Daktari wake, aliyapunguzia kelele. Neno ambalo zamani angalilipandisha, sasa hulishusha mwishoni mwa sentensi na kunyamaza kidogo, na katika kimya kile msikilizaji hutambua kwamba kiburi kilikuwa stara ya huruma.

Jambo la pili ni mwenza. Katika The Marian Conspiracy ya mwaka 2000, iliyoandikwa na Jacqueline Rayner, alipewa Evelyn Smythe, mhadhiri wa historia aliyevuka miaka hamsini, akiigizwa na Maggie Stables. Kumfokea msichana mwenye hofu ni uonevu. Kubishana na mwanachuoni mtu mzima, asiyekubali kukatizwa, ni mjadala wa watu wa daraja moja. Fauka ya hayo, sauti mbili zilizokomaa, moja nzito yenye mbwembwe na nyingine kavu yenye utulivu, hazimchanganyi msikilizaji hata maneno yakifuatana upesi.

Wala kazi hii haikuwa makombo ya televisheni: Jubilee ya mwaka 2003, aliyoiongoza Baker kwa sauti yake, ndiyo aliyoitumia mwandishi wake, Robert Shearman, kuwa msingi wa Dalek, kipindi cha televisheni cha mwaka 2005.

Basi mtu alikuwa yule yule, na koo lile lile. Kilichobadilika ni maandiko, mwenza na muda wa tabia kukomaa. Na hayo yote ni amana iliyo mikononi mwa watayarishaji, ambao kwa haki wangepaswa kuulizwa kwanza, kabla lawama haijamshukia mwigizaji.