Mwezi Kabla ya Upepo: Kuupima Mpango wa Safari ya Kaiti Paje

Mpango wa safari ya kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, hupimwa kwanza kwa tarehe zake, na tarehe hizo husomwa kwenye mwezi wa angani kabla ya kusomwa kwenye ramani ya upepo. Kanuni hii ina umri mkubwa kuliko kaiti yenyewe, na kila mvuvi wa Paje, Bwejuu na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, huiishi bila kuitaja. Hata hivyo mipango inayosifiwa siku hizi huandikwa na watu wasioijua. Huahidi upepo wa uhakika, huonyesha maji ya buluu yaliyojaa hadi kwenye minazi, kisha humshusha mgeni ufukweni saa 4 asubuhi ya bamvua, naye hukuta mchanga mtupu na wanawake wakifunga mwani mahali alipodhani atateleza. Mwenye kuusifu mpango wa namna hiyo hajawahi kukaa Paje akisubiri maji.

Misimu haina mjadala mrefu. Kaskazi hushika kuanzia Desemba, hupata nguvu zake Januari na Februari, na Machi huanza kulegea. Kusi ni ya Juni hadi Septemba. Katikati yake kuna malelezi, na masika ya Aprili na Mei huleta mvua na upepo usio na mwenyewe. Anayeuza wiki ya Mei kwa nusu bei hajapunguza bei. Ameuza kitu kingine kabisa. Kusi ni upepo wa mabaharia na kaskazi ni upepo wa wageni, na hilo halihitaji ushahidi: kusi huamka mapema, husukuma siku nzima na huja na mawingu na manyunyu, wakati kaskazi hungoja jua likolee, ikavuma alasiri chini ya anga jeupe kwa ajili ya wapiga picha.

Ufukwe wa Paje unatazama mashariki. Pepo zote mbili huingia kwa mshazari kutoka baharini, kaskazi kutoka kushoto kwa anayetazama maji, kusi kutoka kulia. Aliyeangusha kaiti na kushindwa kuiinua husukumwa taratibu kuelekea nchi kavu, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya Paje kupata jina. Upande wa magharibi wa kisiwa, wakati wa kusi, upepo uleule humtoa mtu ufukweni na kumwelekeza bara. Mpango unaotaja fukwe za pande zote mbili kana kwamba ni sawa, tena katika msimu mmoja, hauna haja ya kusomwa hadi mwisho.

Utabiri wa kwenye simu husaidia, ila kwa kiasi chake. Mfumo wa GFS, ambao tovuti nyingi huutegemea, huigawa dunia katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 13. Unguja haifiki kilomita 40 kwa upana, kwa hiyo kisiwa kizima huangukia miraba michache, na upepo unaozaliwa na joto la nchi kavu alasiri hupotea humo. Wenyeji huongeza kidogo juu ya tarakimu za kaskazi na huziacha za kusi zilivyo. Makosa madogo hapa si madogo, kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma mara nne ya ule wa kilomita 20. Mtu wa kilo 75 anayetosheka na kaiti ya mita 12 za mraba kwenye upepo wa kilomita 28 kwa saa atahitaji ya mita 9 ukifika 37. Safari ya kaiti moja ni safari ya nusu ya siku zake.

Baada ya upepo huja maji, na hapa ndipo mgeni hupotea kila mara. Ndani ya mwamba wa Paje bahari ni pana na fupi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hubaki kama mita moja hivi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Hayo yamo katika kila jedwali. Kisichosemwa katika vipeperushi ni kwamba saa za bamvua hazihami. Bamvua ya Januari, ya Julai, ya mwaka juzi, zote hujaa karibu saa 10, alasiri na alfajiri, na kupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Maji mafu huzigeuza saa hizo: hujaa saa 4 na kupwa saa 10, ila kupwa kwake ni kwa jina tu, maana hubaki maji ya magotini na kiunoni mahali ambapo wiki moja kabla watoto walikuwa wakicheza mpira.

Mwenye kujua hili hahitaji jedwali. Mwezi ukiandama, siku moja au mbili baadaye ni bamvua, ukipevuka, vilevile. Mwezi wa nane au wa tisa, yaani siku ya nane au ya tisa tangu kuandama, ni maji mafu, na tena ishirini na mbili au tatu. Kuna mwalimu wa Jambiani, mtoto wa ngalawa kabla ya kuwa mtu wa kaiti, ambaye mgeni akimpigia simu kuuliza kama wiki fulani inafaa, hagusii upepo. Huuliza, “Mwezi unaandama lini?” Mgeni hunyamaza. Mwalimu huhesabu mwenyewe kwa vidole, kisha humwambia asogeze safari siku nne mbele. Wengi hukasirika, kwa kuwa tiketi imekwisha kununuliwa.

Upande wa pili wapo walaghai. Wakala mmoja alikuwa na picha moja tu nzuri, na kwa picha hiyo aliuza majuma yote ya mwaka. Mwenye jicho angemkamata kwa vivuli. Minazi ya Paje iko magharibi ya maji, kwa hiyo vivuli vyake huangukia baharini jua linapoteremka. Picha ya ufukwe wa mashariki yenye vivuli vinavyoelekea majini, na maji yakigusa mizizi, ni alasiri ya bamvua, jambo la siku tatu au nne katika kila siku kumi na nne. Picha isiyo na kivuli wala mtu wa kupimia kina haimpi mnunuzi chochote.

Zaidi ya hayo, maji hayo yanayosifiwa ndiyo mabaya kwa mwanafunzi. Kamba za kaiti huwa na urefu wa mita 24 hivi, na anayerusha au kushusha anahitaji uwazi unaozidi hapo, bila ukuta wala mti upande wa demani. Saa 10 ya bamvua uwazi huo haupo. Bahari imeumeza mchanga na kilichobaki ni kuta za hoteli. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hufika mwezi sita na kuondoka mwezi kumi na tatu: maji yake ni ya kusimama, mchanga ni mpana, na upepo wa alasiri humkuta maji yanapokupwa bila kukauka. Aliyekwisha kujua kubisha na kurudi joshi mwenyewe huja mwezi kumi na mbili, akaikuta bamvua ikifunika mwamba na mawimbi yakiingia. Anayechanganya makundi haya mawili katika wiki moja hakupanga kitu, amekodi vyumba.

Mwani nao hufuata kalenda hiyohiyo. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kazi yao huangukia bamvua, asubuhi, vigingi vinapokuwa nje ya maji. Saa hizo pwani ni ya kwao, na mtu wa kaiti aliyefunzwa vizuri hukaa kivulini. Wakati wa maji mafu vigingi hubaki chini ya maji, hatua chache tu kutoka kwenye njia ya ubao, navyo huchoma mguu, huku ubao ukikata kamba ya mkulima. Mpango bora humtembeza mgeni pwani maji yakiwa yamekupwa, siku ya kwanza, aone mashamba yalipo na miiba ya chini ilipo. Saa moja inatosha. Mipango mingi huitumia saa hiyo kwa kinywaji cha makaribisho.

Ufukwe wenyewe huhukumiwa kwa upana, kwa utulivu na kwa kuwapo kwa ngalawa. Ufukwe usio na ngalawa una kasoro, hata kama kasoro haionekani, kwa kuwa manahodha hawaegeshi mahali pabaya. Muziki mchana ni kasoro nyingine. Anayerusha kaiti husikia upepo kabla ya kuuona. Wanaoikumbuka Paje kabla ya safu ya kuta hukumbuka mchanga ambao mtu angerusha popote na kushusha popote. Leo waelewa husogea kusini kuelekea Jambiani, ingawa nako kuta zinakuja.

Wenye mbao za tanga waelezwe ukweli, kwani mipango huwajumuisha ili kujaza nafasi. Pezi la ubao wa tanga hufika sentimita 30 au 40. Mapezi ya ubao wa kaiti ni kama 5. Maji yanayomfurahisha mmoja humpindua mwingine, na nyasi za bahari hulifunga pezi refu likasimama ghafla. Mtu wa tanga hupata Paje yake saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa, kwa pezi fupi lililolala nyuma. Mchezo wake ndio uliotangulia, nao uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles. Kaiti ilingoja hadi 2024, katika maji ya Marseille. Adabu ya watu wa tanga ya kusoma maji kabla ya kuyaingia haijarithiwa ipasavyo.

Mwaka huohuo wa 1984 ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili kaiti yenye mirija ya kupulizwa, inayoweza kuinuka tena kutoka majini. Vifaa vya kukodi hukaguliwa kuanzia mirija hiyo. Hupulizwa hadi iwe migumu, ikaachwa nusu saa kivulini, kisha hubonyezwa kwa dole gumba. Iliyolegea ina kiraka kibovu, hata mwenye duka aape vipi. Kitambaa kizuri hulia kama karatasi kikikunjwa, na kilichochoshwa na jua huwa laini na kimya. Kamba nne hufungwa pamoja upande mmoja na kuvutwa. Zikipishana, kaiti itaenda kombo na mwanafunzi atalaumiwa. Cheti cha mwalimu, cha IKO, shirika la kimataifa la kaiti, au cha chombo kingine, huombwa bila haya. Kifungulio cha dharura hujaribiwa mwisho, kikiwa na mchanga wa ufukwe ndani yake, kwa mkono mmoja. Kikihitaji mikono miwili, kaiti hiyo hairushwi.