Kiingilio kama Kipengele cha Fani: Ukumbi wa Delacorte na Kiswahili cha Viola

Aghalabu uhakiki wa tamthilia huanza pazia linapofunguliwa na kukoma linapofungwa. Yanayotukia mlangoni, yaani nani ameingia na ameingia kwa bei gani, huachiwa wanauchumi na wasimamizi wa kumbi. Mtazamo huu una upungufu. Tamthilia ni utanzu unaokamilika mbele ya hadhira. Hivi basi, sharti linaloiteua hadhira hiyo ni sehemu ya fani yake. Makala haya yanachunguza hoja hiyo kwa kurejelea Delacorte, ukumbi usio na paa katika bustani ya Central Park jijini New York, ambako tamthilia za Shakespeare huonyeshwa bila malipo wakati wa kiangazi.

Kwanza, haki ya kuingia bure ilipiganiwa. Joseph Papp alianza kuigiza bustanini humo mwaka 1957. Mwaka 1959 Robert Moses, kamishna wa bustani za jiji, alimtaka atoze kiingilio ili kufidia nyasi zilizokanyagwa na watazamaji. Papp alikataa, akaenda mahakamani, na katika rufani akapata ushindi. Hoja ya Moses haikuwa ya kipuuzi, kwani nyasi hukanyagwa na sharti zipandwe upya. Hata hivyo, kiingilio, hata kiwe kidogo namna gani, humgeuza mtazamaji kuwa mnunuzi. Mnunuzi huja akiwa tayari ameamua kwamba anachokinunua kinamfaa. Asiyelipa huweza kuja kwa udadisi tu, na akichoshwa huondoka bila hasara. Mwigizaji anayesimama mbele ya hadhira ya namna hii hulazimika kuishawishi upya kila usiku.

Pili, bure haimaanishi kutokuwa na gharama. Tiketi hupangiwa foleni tangu alfajiri, na mwenye kibarua cha siku hana saa hizo za kutoa. Wapo waliowalipa wengine wasimame foleni kwa niaba yao, na wanaochangia fedha hutengewa viti. Aidha, asipolipa mtazamaji hulipa mfadhili. Mwaka 2017, Julius Caesar ilipoigizwa huku Kaisari akifananishwa na Rais Donald Trump, kampuni ya ndege ya Delta iliacha kuifadhili taasisi inayoandaa maonyesho hayo, na Bank of America ikaondoa mchango wake kwa onyesho hilo. Onyesho liliendelea hadi mwisho wa ratiba yake, lakini ilibainika kwamba jukwaa lililoepuka udhibiti wa soko la tiketi lingali hatarini kukumbwa na udhibiti wa mkono unaotoa.

Maswali haya yanamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Delacorte ilifunguliwa mwaka 1962 kwa The Merchant of Venice, ikafuatiwa na The Tempest. Tamthilia hizo mbili zilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1969: Mabepari wa Venisi ya Julius Nyerere na Tufani ya S. S. Mushi. Miaka hiyo Shakespeare ndiye aliyeletwa katika Kiswahili. Mwaka 2025 mwelekeo uligeuka. Ukumbi ulipofunguliwa tena baada ya ukarabati, uliigiza Twelfth Night chini ya uelekezi wa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Viola aliigizwa na Lupita Nyong'o, na Sebastian na Junior Nyong'o, nduguye hasa. Baadhi ya maneno ya mapacha hao yalitamkwa kwa Kiswahili.

Je, Kiswahili hapo ni pambo? Matini yenyewe inatoa jibu. Mapacha hao wametenganishwa na ajali ya bahari, wakatupwa Illyria, nchi wasiyoijua. Wanapokutana tena hawaaminiani mara moja. Sebastian anauliza nchi, jina na wazazi. Viola anataja alama iliyokuwa kwenye paji la uso wa baba yao. Utambuzi wao basi unajengwa kwa ishara za nyumbani ambazo mwenyeji wa Illyria hawezi kuzibuni. Lugha ya nyumbani ni ishara ya aina hiyo hiyo. Inatekeleza kazi ya msuko. Tena, kwa kuwa watazamaji walio wengi hawaijui, inawaweka upande wa wenyeji wa Illyria, wanaosikia bila kuelewa. Anayeielewa, ambaye huenda ni mhamiaji asiyemudu bei za kumbi za Broadway, kwa dakika chache ndiye mwenyeji. Athari hii isingepatikana kikamilifu katika ukumbi ambao bei yake imekwisha kumchuja mtu huyo.

Hata hivyo, sifa hii ina mpaka wake. Mwishoni mapacha wote wawili wanaozwa Illyria, na hakuna Muilyria anayehitaji kujifunza lugha yao. Kiswahili kinabaki lugha ya faragha ya ndugu wawili. Hapa ndipo ulinganisho na Kamĩrĩĩthũ unapofaa. Huko Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na watazamaji wakasahihisha lugha na matendo ya wahusika. Serikali ililipiga marufuku onyesho mwaka huo huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kilichoogopwa ni hadhira iliyokwisha kuwa mtunzi.

Kwa hivyo uwazi wa jukwaa una viwango viwili: kuruhusiwa kuingia, na kuruhusiwa kuunda. Delacorte imekitetea cha kwanza kwa zaidi ya nusu karne, na ushindi huo si mdogo. Cha pili ndicho kigezo ambacho mhakiki hana budi kukitumia kila onyesho la bure linaposifiwa, liwe la New York au la Nairobi.